Mwenye Mizani Akikalia Kiti: Habari za Liwali Salim bin Khalfan wa Malindi



Juma lililopita nilipata barua ya msomaji wetu mmoja, mkulima wa upande wa Ganze, iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri juu ya karatasi ya daftari la shule. Baada ya kunijulia hali na kunipa habari za mvua, aliuliza hivi: "Bwana Karani, je, yafaa mtu aliye na duka, malori na mashamba, tumpe na kiti cha serikali pia? Wenzangu wengine husema kwamba aliyeshiba haibi. Wengine husema kwamba fisi hapewi ulinzi wa mbuzi. Wewe wasemaje?"

Nimelifikiri swali hili siku nyingi, maana si swali dogo. Mimi ni karani tu. Kazi yangu ni kuandika na kuhifadhi yaliyoandikwa, wala si kuwachagulia watu viongozi. Lakini nilipokuwa katika shule ya misheni, mwalimu wetu wa tarikhi alikuwa na desturi moja. Ukimwuliza swali gumu hakukujibu kwa maoni yake, bali alikuambia, "Tazama kwanza kama jambo hili limepata kutokea." Basi nami nitafanya kama yeye. Jambo hili limekwisha tokea, tena hapa hapa pwani yetu ya Malindi na Kilifi, na mtu aliyetokewa nalo ni Sheikh Salim bin Khalfan Albusaidi, aliyekuwa mfanyabiashara na mwenye mashamba, kisha akawa Liwali wa Malindi, na baadaye Liwali wa Mombasa.

Kwanza yafaa tujue Malindi ilikuwaje. Sote twafahamu kwamba mji huu ulikuwa na sifa zamani. Mwaka 1415 twiga alipelekwa kutoka Malindi mpaka China, na mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga hapa akapata rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Lakini sifa haidumu. Mwisho wa karne ya 16 mtawala wa Malindi alihamia Mombasa pamoja na Wareno, na mji ukaanza kufa. Mmisionari Krapf alipofika katika miaka ya 1840 aliona magofu na msitu, kwa kuwa watu walikuwa wamehama kwa hofu ya Wagalla.

Kufufuka kwa Malindi kulianza yapata mwaka 1861, wakati wa Sultani Majid wa Unguja. Sultani alipeleka askari wa Kibulushi kuulinda mji, na nyuma ya askari wakafuata watu wa biashara. Walikuja Waarabu, Waswahili na Wahindi. Waliona kwamba ardhi ya nyuma ya Malindi, kutoka pwani mpaka mto Sabaki, ni ardhi nyeusi yenye rutuba, tena haina mwenyewe wa kuwazuia kwa silaha. Wakafyeka, wakapanda mtama, mahindi, kunde na simsim. Muda haukupita mwingi, Malindi ikawa ghala ya nafaka ya Afrika Mashariki. John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza huko Unguja, alipozuru mwaka 1873 alishangaa kuona jinsi mashamba yalivyoenea mahali palipokuwa pori.

Katika watu hao waliopata mali alikuwemo Salim bin Khalfan. Alikuwa wa kabila la Albusaidi, ambalo ndilo kabila la Masultani wa Unguja, lakini mali yake aliipata sokoni na shambani. Alikuwa mtu wa mizani na daftari. Ili tumfahamu, lazima tuifahamu biashara yenyewe ilivyokwenda.

Nafaka ya Malindi haikuliwa Malindi yote. Upepo wa kaskazi ulipovuma, majahazi yalishuka kutoka Arabuni na Bara Hindi yakiwa na tende, nguo na samaki wa chumvi. Ulipogeuka kusi, yalirudi yamejaa mtama na simsim. Arabuni ni nchi kavu, watu wake wanahitaji chakula. Na simsim ilitakiwa na wakamuaji wa mafuta. Kwa hiyo mwenye shamba alipaswa kuwa na jizla zake za mtama tayari bohari kabla upepo haujageuka. Aliyechelewa aliuza kwa bei ya kutupa, au nafaka yake ililiwa na fukusi mpaka msimu mwingine.

Tena kulima kulitaka fedha kabla ya mavuno. Fedha hizo zilitoka kwa matajiri wa Kihindi, waliokopesha kwa rehani ya shamba au nyumba. Mwaka wa mvua, deni lililipwa na mwenye shamba akaongeza eneo. Mwaka wa ukame, shamba lilibadilisha mwenyewe. Basi katika mji kama huo, aliyestawi hakuwa yule mwenye nguvu za kulima, bali yule aliyejua hesabu, aliyeweza kungoja, na aliyekuwa na akiba ya kumnunua mwenzake siku ya taabu. Salim bin Khalfan alikuwa mtu wa namna hiyo, hata akawa mmoja wa wenye mashamba makubwa kabisa katika Malindi nzima.

Hapa, wasomaji, sina budi kusimama kidogo. Nikiisema habari ya mashamba hayo bila ya kusema ni nani aliyeyalima, nitakuwa nimeficha nusu ya daftari. Mashamba ya Malindi yalilimwa na watumwa, walioletwa kutoka nchi za mbali za kusini na za bara. Walifyeka wao, walipanda wao, walipukusa wao, na mtama uliobebwa na majahazi ulikuwa jasho lao. Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao Sultani Barghash aliutia mkono mbele ya Kirk, ulikataza kusafirisha watumwa baharini na ukafunga masoko yao. Mwaka 1876 ikakatazwa misafara ya watumwa ya nchi kavu. Walakini utumwa wenyewe ulibaki halali katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Na sheria hiyo ya 1907 ilipokuja, iliwalipa fidia mabwana kwa kupoteza watumwa. Mtumwa mwenyewe hakulipwa hata pesa moja kwa miaka aliyolima.

Wengi hawakungoja sheria. Walitoroka, wakaanzisha vijiji vyao kama Makongeni na Fuladoyo, na wengine wakajiunga na misheni. Habari zao zinastahili makala ya peke yake, nami nikijaliwa nitaiandika. Leo nataka tukumbuke jambo moja tu: tunapomsifu mtu kwa utajiri wake, tuulize pia jina la aliyeshika jembe.

Sasa tuje kwenye kiti. Neno liwali limetoka katika Kiarabu, al-wali, maana yake ni mtu aliyewekwa kutawala mahali kwa niaba ya mkubwa wake. Liwali wa Malindi alikuwa mkono wa Sultani. Alisikiliza mashauri ya watu, aliwakamata wahalifu, aliwapatanisha wakubwa wa miji, alipokea wageni wa serikali, na pembeni yake alikuwepo kadhi wa kuamua mambo ya sheria ya dini, ndoa na mirathi. Hapakuwa na baraza la kuchaguliwa, wala hapakuwa na kura. Sultani alitazama nani ana heshima, nani anatiiwa, nani anaweza kuwalisha askari mshahara ukichelewa. Kwa kawaida mtu huyo alikuwa tajiri. Salim bin Khalfan alipewa kiti hicho cha Malindi.

Na kusema haki, yako mambo ambayo mfanyabiashara hufanya vyema akiwa na kiti. Ajua ya kuwa biashara haiendi bila ya amani, kwa hiyo hapendi fitina na vita. Ajua kusoma mtu, maana maisha yake yote amepima nani atalipa na nani hatalipa. Ajua thamani ya karatasi na shahidi. Mji uliokuwa pori ulihitaji mtu wa namna hiyo. Mkulima aliyeleta mtama wake sokoni, na nahodha aliyetia nanga, wote wawili walitaka njia zilizo salama na mahali pa kushtaki wakidhulumiwa.

Lakini kiti hakikumtoa katika biashara yake. Aliendelea kuwa na mashamba huku ni Liwali, na katika siku zile hakuna aliyeona kwamba hilo ni kosa, kwa kuwa ndiyo ilikuwa desturi. Nakuomba, msomaji, ufikiri jambo hili kwa utulivu. Mwenye shamba mkubwa wa mji ndiye pia mwamuzi wa mashauri ya mji. Watu wawili wakigombania mpaka wa shamba, na mmoja wao ni jirani wa shamba la mwamuzi, shauri lile litaamuliwa vipi? Mtumwa akitoroka, na bwana wake akaenda kushtaki kwa Liwali, ambaye naye ana watumwa, mtoro atapata mtetezi wapi? Sisemi kwamba Salim bin Khalfan alihukumu kwa dhuluma. Mimi si hakimu wake. Nasema kwamba kiti kilikuwa kimewekwa mahali ambapo hata mtu mwema angepata taabu kuona pande zote mbili.

Wala yeye hakuwa mfanyabiashara wa pekee aliyekalia kiti cha serikali katika pwani hii. Huko Unguja forodha ya Sultani ilikodishwa kwa matajiri, kama Jairam Sewji na Tharia Topan, waliomlipa Sultani fedha kwa mwaka kisha wakajikusanyia ushuru wenyewe. Na mwaka 1887 kundi la Sir William Mackinnon, tajiri wa meli wa Scotland, lilipewa na Sultani Barghash ruhusa ya kutawala pwani hii na kukusanya ushuru wake. Mwaka 1888 Malkia akawapa hati, ikawa Kampuni ya Imperial British East Africa. Hiyo ilikuwa duka lililogeuka kuwa serikali. Ilikuwa na askari, mahakama na hata fedha yake yenyewe. Lakini duka lataka faida na serikali yataka gharama, na vitu hivyo viwili havilali kitanda kimoja. Kampuni ilifilisika kabla ya kutimiza miaka kumi. Ilipoondoka mwaka 1895 ililipwa paundi 250,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka katika hazina ya Unguja. Kwa hiyo biashara ilishindwa, lakini hasara ililipwa na wenye nchi.

Tarehe 1 Julai 1895 kulifanywa baraza kubwa Mombasa, na Sir Arthur Hardinge akatangaza kwamba sasa nchi iko chini ya ulinzi wa Uingereza. Kwa mkataba wa Desemba mwaka ule ule, ukanda wa pwani wa maili 10 ulibaki kuwa milki ya Sultani kwa jina, na bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu, lakini utawala ulikuwa wa Waingereza, nao wakamlipa Sultani paundi 17,000 kila mwaka. Wakati huo Salim bin Khalfan alikuwa amekwisha hamishiwa Mombasa. Mazrui wa Takaungu na Gazi walipopigana na serikali, kwa ajili ya urithi wa kiti cha Takaungu, toka 1895 mpaka Aprili 1896 Mbaruk bin Rashid alipovuka mpaka kwenda kwa Wajerumani, Liwali Salim alikuwa upande wa serikali. Mfanyabiashara alikuwa amepima upepo, akajua msimu umegeuka.

Na kweli msimu uligeuka, hasa kwa wenye mashamba. Watumwa walipokwisha, mashamba mengi ya Malindi yalirudi kuwa pori. Wengi wa matajiri wa zamani walianguka katika madeni. Lakini mwenye kiti na karatasi hakuanguka. Mwaka 1908 serikali ilitoa sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya pwani. Kila aliyesema ana ardhi aliambiwa aje mbele ya afisa, alete hati na mashahidi, na akikubaliwa atapewa hati ya serikali isiyopingika. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai kwa hati ilihesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza.

Wasomaji, soma tena maneno hayo pole pole, maana ndani yake mna maisha ya watu wengi wanaosoma gazeti hili. Nani alikuwa na hati mwaka 1908? Ni yule aliyenunua na kuuza mbele ya kadhi, aliyeweka rehani kwa tajiri wa Kihindi, aliyekuwa na karani wa kumwandikia. Mgiriama, ambaye baba yake aliingia mahali pale, akafyeka, akapanda mnazi na kuzika wafu wake, alikuwa na mashahidi wengi lakini hakuwa na karatasi. Na mtumwa aliyewekwa huru mwaka uliopita hakuwa hata na jembe. Basi mashamba yaliandikwa kwa majina ya wachache, na Liwali Salim bin Khalfan alikuwamo katika hao. Waliokuwa wakilima juu ya ardhi hiyo wakaamka siku moja wakaambiwa kwamba wao ni wapangaji, au neno baya zaidi, maskwota.

Niruhusuni sasa niseme jambo la nyumbani kwetu. Babu yangu alilima karibu na Malindi katika shamba ambalo hati yake ilikuwa ya mtu mwingine. Minazi ilikuwa yake babu, maana aliipanda kwa mikono yake, na kwa desturi ya pwani mti waweza kuwa wa mtu huyu na ardhi ikawa ya yule. Kila mwaka alilipa ijara, akapewa stakabadhi. Hakujua kusoma, lakini alizihifadhi stakabadhi zile zote katika kopo la biskuti, zimefungwa kwa uzi, na alikuwa akituambia sisi wajukuu: "Hizi ndizo nguvu zetu. Siku yo yote mtu akija kututoa, mtamwonyesha hizi."

Siku ilikuja, babu akiwa amekwisha fariki. Shamba lilikuwa limeuzwa. Nilikuwa nimemaliza masomo, nikapewa kopo lile nilipeleke mbele ya wakubwa. Nilipozifungua karatasi na kuzisoma moja moja, moyo wangu uliingia baridi. Kila stakabadhi iliandikwa "ijara ya ardhi." Yaani kwa miaka yote ile, babu alikuwa akihifadhi kwa heshima ushahidi wa kwamba ardhi si yake. Tulilipwa thamani ya minazi tukahama. Sikumlaumu mtu ye yote kwa jina, na hata leo simlaumu. Kila kilichofanywa kilifanywa kwa karatasi iliyo sahihi. Lakini tangu siku ile sijaweza kuiona stakabadhi kuwa karatasi tu, na ndiyo sababu nimechagua kazi ya ukarani.

Turudi kwenye habari yetu. Wagiriama wa upande wa Sabaki walikuwa wamekuwa wakulima wakubwa wa mahindi, na mahindi yao ndiyo yaliyoshika nafasi ya nafaka ya mashamba ya watumwa katika bandari ya Malindi. Ungedhani serikali ingewaombea mvua. Badala yake iliwataka watoke kaskazini ya mto, watoe kodi, na watoe vijana kwa kazi ya mshahara. Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola wakawaapisha watu wasikubali. Mwaka 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti, vita vikapiganwa, na nyumba nyingi zikachomwa. Wenye kiti katika siku hizo hawakuwa na njia ya kusikia sauti ya mkulima isipokuwa baada ya moshi kupanda.

Liwali Salim alifariki mwaka 1920, mzee mwenye heshima na mali nyingi. Mwanawe, Sheikh Ali bin Salim, aliyekuwa naye katika kazi ya serikali, alifuata nyayo zake. Akawa Liwali wa Pwani, akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria kusema kwa ajili ya Waarabu, na akapewa cheo cha Sir. Tazama basi: baba mfanyabiashara, mtoto mwanasiasa. Mali ilizaa kiti, na kiti kikailinda mali. Huo ndio mwendo wa mambo mpaka leo katika nchi nyingi, wala si katika pwani yetu peke yake.

Cheo cha uliwali kiliondoka na ukoloni. Tarehe 8 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na wakubwa wa Unguja walikubaliana kwamba ukanda wa maili 10 uwe sehemu ya Kenya, na Sultani akaacha madai yake. Tayari watu wa Kilifi walikuwa wamempata kiongozi wa namna nyingine. Ronald Ngala, mzaliwa wa upande wa Kaloleni, hakutoka sokoni wala shamba kubwa. Alitoka ubaoni, mwalimu aliyesoma Alliance na Makerere. Alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, akawa rais wa chama cha KADU mwaka 1960, na mwaka 1963, chini ya katiba ya majimbo, akawa Rais wa Baraza la Jimbo la Pwani. Jimbo lile halikuishi muda mrefu. KADU ilijivunja Novemba 1964, na Ngala akafariki tarehe 25 Desemba 1972 baada ya ajali ya motokaa. Lakini aliacha fundisho moja: kwamba mtu aweza kushika jimbo akiwa na chaki tu mkononi, madamu watu wamemchagua.

Tangu mwaka 2013 tunazo serikali za kaunti, na Kilifi ni moja katika kaunti 47. Kiti kimerudi karibu na nyumbani, na fedha nyingi zimekuja pamoja nacho. Si ajabu kwamba wenye maduka, mahoteli na malori wanakitamani. Ndipo swali la rafiki yangu wa Ganze lina nguvu.

Mimi namjibu hivi. Kuwa tajiri si dhambi, na kuwa maskini si cheti cha uaminifu. Tumeona kwamba mfanyabiashara aweza kuleta amani, hesabu na subira katika serikali. Tumeona pia kwamba kiti na mizani vikiwa katika mkono mmoja, mizani huegemea. Tofauti ya siku za Liwali Salim na siku zetu ni kwamba yeye hakuwa na sheria iliyomwambia achague moja. Sisi tunayo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 77, yakataza afisa wa serikali mwenye kazi ya siku zote kufanya kazi nyingine ya mshahara, na kifungu cha 75 chamtaka aepuke mambo ambayo faida yake inagongana na kazi ya watu. Sheria iko. Kilichobaki ni watu wa kuiuliza.

Kwa hiyo mtu wa biashara akija kijijini kuomba kura, usitazame kwanza motokaa yake. Mwulize mambo matatu. La kwanza: mali yako uliipata kwa jasho la nani, na je, waliokufanyia kazi wamelipwa? Waulize na wao wenyewe, msiridhike na jibu lake. La pili: ukishika kiti, duka litashikwa na nani, na je, serikali itanunua kutoka duka hilo? La tatu, nalo ni kubwa kuliko yote kwetu sisi wa pwani: unayo ardhi wapi, na ni watu gani wanaoishi juu yake? Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano katika taarifa yake ya mwaka 2013 iliandika wazi kwamba dhuluma ya ardhi ya pwani bado ni kidonda. Mtu ambaye jibu lake juu ya ardhi ni zito kutoka, hatakuwa mwepesi kukisafisha kidonda hicho.

Na kwenu wakulima wenzangu nina neno moja la ukarani. Msihifadhi karatasi msiyoijua maana yake. Ikiwa ni stakabadhi, ni ya nini? Ikiwa ni mapatano, ni nani amesema nini? Mpeni mtoto wenu aliye shuleni awasomee, na asipofahamu, nendeni kwa anayefahamu kabla ya kutia kidole gumba. Kama una ardhi usiyo na hati yake, anza kuitafuta hati leo, huku mashahidi wako wangali hai. Waliokuwa na hati mwaka 1908 ndio waliobaki na ardhi.

Kopo la babu ninalo mpaka sasa, juu ya kabati la vitabu. Stakabadhi zimo ndani, uzi ni ule ule. Wanangu huniuliza kwa nini siitupi. Huwaambia ya kwamba babu yenu mkubwa alikuwa mtu mwaminifu, aliyelipa kila mwaka bila kukosa, na hakuna kosa katika daftari lake. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyemsomea.

Rafiki yangu wa Ganze, natumaini nimekujibu. Ukiwa na neno la kuongeza, niandikie tena, na usisahau kunipa habari za mvua.

Kwaherini mpaka juma lijalo.